Mazoea mapya ya familia mwaka unapoanza: yaliyodumu nyumbani kwetu Kisauni

Dada uliyeuliza kutoka Changamwe, umesema kwamba Januari iliyopita mliandika orodha ya mambo mapya ya familia, mkaibandika jikoni, na kabla ya Ramadhani kuingia hapakuwa na hata moja lililosalia. Umesema pia kwamba mumeo hufanya kazi ya zamu bandarini Kilindini, hivyo kuwakutanisha nyote mezani ni kazi ngumu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni pamoja na mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, na nitakueleza yale yaliyokaa nyumbani kwetu mpaka leo.

Sisi hatuanzi jambo lolote tarehe mosi. Desemba nyumba nyingi za Mombasa hujaa wageni: jamaa hushuka kutoka bara na watoto wao, watu hulala wakibanana, na chakula hupikwa kila anapotokea mwenye njaa. Kisha wageni huondoka, shule hufunguliwa, na ratiba ya nyumba hupinduka upya. Kwa hivyo husubiri kwanza tuone nani anaamka saa ngapi, watoto wanatoka chuoni, yaani madrasa, saa ngapi, na maji ya mfereji yanakuja siku zipi, ndipo tukachagua jambo moja. Nasisitiza moja, kwa sababu orodha ndefu huishia mikononi mwa mama peke yake, naye akishikwa na homa ya siku mbili, orodha yote imelala.

Jambo hilo moja hatulipangii saa. Tunalishikiza kwenye kitu ambacho nyumba tayari inakifanya bila kuambiwa. Hapa kwetu hakuna kinachoaminika kuliko adhana ya Maghribi. Mombasa iko takribani nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua letu huzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, na tofauti kati ya Maghribi ya mapema kabisa na ile ya kuchelewa kabisa haifiki dakika 40. Ukisema “tutakula saa moja na nusu,” lazima awepo mtu wa kuitazama saa na kuwafukuzia wenzake. Ukisema “baada ya Maghribi,” hakuna haja ya kumwita mtu, kwani hata majirani zetu Wakristo huwaingiza watoto wao ndani wasikiapo adhana hiyo. Basi tukishaswali, mkeka hutandikwa, sinia huwekwa katikati, na simu zote huingia katika kikapu cha ukindu kilicho juu ya friji, zikiwemo zetu sisi wazazi. Hilo la wazazi ndilo lenye uzito. Mtoto aliyeambiwa aweke simu huku babake akisoma ujumbe atatii siku mbili tatu tu, na ana haki yake.

Zoea la pili lilizaliwa na hilo la kwanza, na ndilo ninalolipenda zaidi. Sinia ikishaoshwa, mwanangu wa kati, aliye Gredi ya 7, huimwagia mbaazi kavu na kuzichagua: vijiwe huwekwa kando, zilizobunguliwa hutupwa, na nzima hutiwa sufuriani na maji yanayozipita kwa vidole vinne. Akiwa amechoka huchagua kunde au choroko, maana hizo hazina kazi nyingi. Asubuhi maji ya kurowekea humwagwa, mbaazi hupata maji mapya, na huiva upesi kuliko zile zilizowekwa motoni zikiwa kavu. Mtungi wetu wa gesi wa kilo 13 unakaa muda mrefu kuliko zamani, na hilo si dogo kwa mwezi wa Januari, ambapo karo, sare na vitabu vimekwisha kuchukua chao.

Siku ya Jumamosi mtoto huyo huyo huketi juu ya mbuzi akakuna nazi, nyanyake akiwa kando yake. Amemfundisha kwamba tui la pili ndilo linaloanza kuingia, pamoja na kitunguu na pilipili mbichi, na kwamba tui zito huja mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka bila kusimama, ili lisikatike. Anapoziona mbaazi zake zikiliwa na mahamri na watu wazima wakiongeza, hahitaji sifa nyingine. Nimekueleza haya kwa urefu kwa sababu naamini kwamba mtoto hushika zoea ambalo matokeo yake huyaona kesho yake asubuhi. “Kuwa na bidii” halionekani, lakini sufuria ya mbaazi zilizofura huonekana, na hakuna atakayemuuliza kama amefanya wajibu wake.

Kujaza mitungi ya maji tumempa kifungua mimba, kwa siku ambazo mfereji unatoka. Siku ambazo hautoki tunanunua kwa wenye mikokoteni kama watu wengine wa mtaani, na hapo hakuna zoea la kujenga.

Kuhusu kukimbia kila alasiri, ambako umesema mnataka kukurudia, ningekuomba ukuache mpaka joto lipungue. Kuanzia Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, mchana wetu hufika nyuzi 32 na zaidi, na jasho halikauki. Sisi hutembea Jumapili asubuhi, jua likiwa bado changa, mara nyingine katika bustani ya Mama Ngina na mara nyingine ufuoni iwapo maji yamekupwa.

Sasa Ramadhani, kwa kuwa umesema ndiyo iliyofunga hesabu yenu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hivyo Ramadhani imekuwa ikisogea kuelekea Januari, na kwa mwaka wa 2026 mwanzo wake ni baada ya katikati ya Februari, kutegemea kuandama kwa mwezi. Zoea linaloanzishwa Januari huwa na wiki chache tu kabla ya daku na tarawehe kuibadilisha nyumba nzima. Hapo pia Maghribi hutusaidia, maana chakula cha jioni hugeuka futari papo hapo, watu wakiwa wamekwisha kukusanyika, na kikapu cha simu hubaki mahali pake. Mbaazi na kunde ndizo hasa zinazohitajika mwezi huo. Matembezi ya Jumapili tunayasimamisha waziwazi, tukiwaambia watoto kwamba yatarudi baada ya Idi, ili wasidhani yamekufa.

Nakuja kwa mumeo. Wangu huendesha lori la masafa marefu, naye huweza kukosekana nyumbani kwa siku kadhaa mfululizo. Akiwa njiani hatumsubiri, na siku atakayofika usiku chakula chake hukikuta chini ya kawa. Yeye ana zoea lake mwenyewe alilolichagua: akiwapo, humsikiliza mziwanda wetu akisoma ukurasa mmoja wa kitabu kabla ya kulala. Halitegemei siku wala tarehe, linategemea kuwapo kwake tu. Mumeo akiwa zamu ya usiku, nadhani ile saa kati ya watoto kutoka shule na kwenda chuoni inaweza kuwa yake, kwa kuwa atakuwa ameshaamka na wewe utakuwa jikoni. Muombe achague mwenyewe cha kufanya nao, hata kama ni kuwapigia rangi viatu vya shule, na akisahau siku moja, mkumbushe mkiwa wawili.