Maswali ya Wasomaji: Je, Msitu wa Ngezi Unaweza Kukopewa Fedha?

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mwanangu anayeishi California ameniambia kuwa Novemba 2024 wananchi wa huko walipiga kura kuiruhusu serikali yao ikope fedha kwa ajili ya bustani, misitu na maji. Nimestaajabu, kwani sisi tukisikia mkopo wa serikali hufikiria barabara na bandari. Je, Zanzibar haiwezi kufanya hivyo kwa msitu wetu wa Ngezi? Na deni hilo hulipwa na nani?
Msomaji, Konde, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam. Alichokwambia mwanao ni kweli. Kura hiyo, iliyojulikana kama Pendekezo la 4, iliidhinisha hatifungani, yaani hati za mkopo, za dola bilioni 10. Serikali huziuza kwa wawekezaji, ikapata fedha sasa, kisha ikazirejesha pamoja na riba kwa miaka mingi. Anayelipa ni mlipakodi: wachambuzi wa bajeti wa Bunge la jimbo hilo walikadiria malipo ya takriban dola milioni 400 kila mwaka kwa miaka 40, yaani bilioni 16 kwa mkopo wa bilioni 10.

Kwa gharama hiyo, mkopo wa namna hii unafaa tu kwa kitu kitakachodumu kuliko deni lenyewe, kama vile ardhi inayonunuliwa ili isijengwe, au ukuta wa kuzuia bahari. Mishahara ya walinzi wa msitu haimo, ingawa bila wao hakuna hifadhi. Tazama njia ya mbao inayopita kwenye mikoko ya Pete, karibu na msitu wa Jozani, Unguja: maji ya chumvi hupanda na kushuka chini yake kila siku, na mbao huoza zikabadilishwa. Ukizikopea mbao hizo kwa miaka 30, wajukuu watalipia mbao ambazo hawakuwahi kuzikanyaga.

Karibu na kwetu iko mifano miwili ya kupimia. Oktoba 2018 Shelisheli iliuza hatifungani ya buluu ya dola milioni 15 kwa ajili ya bahari na uvuvi, huku Benki ya Dunia ikidhamini sehemu ya deni. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ya miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10. Deni la Tanga lina pa kutokea, kwa sababu mteja wa maji hulipa ankara kila mwezi. Ngezi ina popo wa Pemba na mti wa mpapindi, viumbe wasiopatikana kwengineko duniani, lakini hakuna hata mmoja wao anayelipa ankara.

Kwa upande wa sheria, hapa kwetu hakuna kura ya wananchi ya kuidhinisha mkopo. Mambo hayo hupitia kwenye bajeti inayojadiliwa na Baraza la Wawakilishi. Tukitaka kukopa nje kama Shelisheli, tukumbuke kuwa mikopo ya nchi za nje imo katika orodha ya mambo ya Muungano, hivyo Zanzibar haiwezi kwenda peke yake. Ndani ya nchi iko njia ya sukuk, yaani hati za uwekezaji zinazofuata sharia ya Kiislamu, ambayo Serikali ya Mapinduzi ilianza kuitumia mwaka 2025 na ambayo wengi wetu tunaipendelea kwa kuwa haina riba. Lakini sukuk hutaka mali yenye kuleta kodi ya pango au faida ya kugawana, na tatizo la Ngezi linabaki pale pale. Jozani ina nafuu, kwa kuwa wageni wanaokwenda kuwaona kima punju hulipa kiingilio, na sehemu ya mapato hupelekwa vijijini.

Kwa maoni yangu, Ngezi isibebeshwe deni lake peke yake. Ingewezekana kuitengea fungu ndani ya sukuk kubwa ya miundombinu, kwa kazi za mara moja tu kama kuweka mipaka na kupanda upya miti ya asili, na faida ya wanunuzi itokane na mali nyengine iliyomo katika sukuk hiyo. Ulinzi wa kila siku ubaki kwenye bajeti ya kawaida.

Iwapo unafikiria kununua mwenyewe, hatifungani za Serikali ya Muungano huuzwa na Benki Kuu ya Tanzania kuanzia shilingi milioni moja, kupitia benki au dalali aliyesajiliwa. Fedha hizo, hata hivyo, huingia katika bajeti nzima ya serikali na hazitengewi msitu wowote.