Jibu: Ford Mustang ya 1968, injini V8 302 (silinda nane, inchi za ujazo 302), inatema moto kwenye kabureta
Salaam mkuu. Kwa hiyo umepanga waya za plagi kwa mfuatano wa silinda kuwaka, 1-5-4-2-6-3-7-8, kama kitabu kinavyosema, na bado injini inatetemeka na kutema moto kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa).

Kwanza hakiki namba za silinda. Ford huhesabu 1 hadi 4 kulia kwa dereva kuanzia mbele, 5 hadi 8 kushoto. Chevrolet si hivyo. Rota nayo (kidole ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) inazunguka kinyume cha saa.

Yote yakiwa sawa, nashuku kamshafti (mhimili unaofungua vali) ilishabadilishwa, ikawekwa ya 351 Windsor au 5.0 HO, injini nyingine za V8 za Ford. Silinda za hizo huwaka kwa mfuatano 1-3-7-2-6-5-4-8. Usifungue injini! Kwenye kofia ya distribyuta badilishana waya 3 na 5, kisha 4 na 7. Yangu ilitulia papo hapo.