Huduma “iwashwe” au “iwe imewaka”?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa mifumo ya kompyuta hapa Kigoma Mjini, na nina vijana watatu ninaowafundisha kutunza seva za Linux, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Nimewaandikia daftari kwa Kiswahili. Amri za systemctl, zana ya kusimamia huduma (programu zinazofanya kazi ndani ya seva), nimezitafsiri hivi: start ni “anzisha”, enable ni “wezesha”, restart ni “anzisha tena”, reload ni “pakia upya”. Mwezi uliopita kijana mmoja alisoma kwenye daftari “wezesha huduma ya hifadhidata”, akaandika enable, akaenda zake nyumbani. Huduma haikuwaka. Ofisi ya mteja ilikaa asubuhi nzima bila mfumo, naye akasisitiza: “Lakini niliiwezesha!” Sasa tunahamia Ansible, zana ya kupanga mipangilio ya seva, ambako imeandikwa “state: started”, na sijui niandike “imeanzishwa” au “anzisha”. Halafu daemon, zile programu zinazofanya kazi bila kuonekana, je, ni pepo? — Msomaji, Mwanga, Kigoma.

JIBU: Marahaba, fundi. Kijana wako hakukosea. Alitii daftari, na daftari lilimpa neno ambalo Kiswahili hakilitumii kwa jambo lile. Nianze na hilo “wezesha”, kwa kuwa ndilo lililomgharimu mteja wenu asubuhi nzima.

Kuwezesha ni kumpa mtu uwezo ambao hakuwa nao. Mkopo unamwezesha mama kufungua genge, daraja linawawezesha wanakijiji kuvuka. Ukiniambia umeiwezesha huduma, naelewa kwamba kilichokuwa kinaikwamisha umekiondoa, na kwamba sasa inafanya kazi. Amri ya enable haina maana hiyo. Inachofanya ni kuweka kiungo cha faili mahali ambapo systemd, msimamizi wa huduma zote, hupapitia mashine inapowaka, ili huduma ile nayo iwashwe pamoja na wenzake. Kwa wakati uleule haigusi kitu. Kama huduma ilikuwa imezimwa, inabaki imezimwa mpaka mashine iwashwe upya au mtu aiwashe kwa mkono, labda fundi awe ameongeza --now kwenye amri.

Watu wa Kigoma wanalijua jambo hili kuliko wengi. Mkoa ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ukiishi kwa majenereta, na kila mwenye friji au redio alijifunza kutofautisha kifaa ambacho umeme ukirudi kinajiwasha, na kile ambacho umeme ukirudi kinasubiri mkono wa mtu. Neno lenyewe ndilo hilo: -jiwasha. Kwa enable andika “ijiwashe mashine ikiwaka”, kwa disable andika “isijiwashe”. Ni maneno mengi zaidi ya “wezesha”, lakini kijana akiyasoma hawezi kudhani kwamba kazi ya sasa hivi imekwisha. Na ile mask, inayozuia huduma isiwashwe hata kwa mkono, iite “fungia”. Duka lililofungwa jioni litafunguliwa asubuhi. Duka lililofungiwa halifunguliwi mpaka kifungo kiondolewe. Kiambishi kimoja tu, na tofauti ni kubwa.

Sasa “anzisha”. Kuanzisha ni kuleta kitu ambacho hakikuwapo: tunaanzisha shule, mradi, ugomvi. Huduma ya hifadhidata ilikuwapo kwenye mashine tangu ulipoisakinisha. Haianzishwi kila siku. Kitenzi cha kuwasha ndicho watu wenyewe walichokichagua, na sioni sababu ya kuwapinga. Kilitoka kwenye moto, kikaja kwenye taa, kikaenda kwenye injini, kikaingia kwenye redio na simu, na leo mtoto wa miaka kumi anakwambia “washa data”. Data haina utambi, ila hakuna Mtanzania asiyeelewa. Basi start ni “washa” na stop ni “zima”. Wapo wanaosema programu “inakimbia”. Hao wanasema Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Kwetu mashine hutembea, au hufanya kazi.

Faida ya kuwasha ni kubwa kuliko ufupi wake. Kitenzi hiki kina pacha: -waka na -washa, kama -chemka na -chemsha, -amka na -amsha, -shuka na -shusha. Pacha wa kwanza anaeleza hali ya kitu chenyewe. Pacha wa pili anamtaja, hata kama hasemwi, mtu aliyekifanyia kitu hicho jambo. Nenda ufuoni Kibirizi alfajiri, wavuvi wa dagaa wanaporudi kutoka ziwani, usikilize wanavyosimulia habari za karabai zao. Anayesema “taa ilizimwa” anamlaumu mtu. Anayesema “taa ilizimika” analaumu upepo au mafuta. Anayesema “taa ilikuwa haijawashwa” analaumu uzembe. Ni giza lilelile juu ya maji yaleyale, lakini sarufi imeshaanza uchunguzi kabla mwenye chombo hajauliza swali.

Fundi wa seva anauhitaji uchunguzi huo huo. Amri ya status ikionyesha inactive, kwa kawaida huduma haijawashwa, au imezimwa kwa amri, au imemaliza kazi yake salama. Ikionyesha failed, imekufa kwa hitilafu, au ilijaribu kuwaka ikashindwa. Daftari lako lisiandike “haifanyi kazi” kwa zote mbili. Andika “imezimwa” au “haijawashwa” kwa ya kwanza, na “imezimika kwa hitilafu” kwa ya pili, ili kijana ajue kama atafute mtu au atafute kosa ndani ya kumbukumbu za mfumo. Katika mazungumzo watu husema “simu imezima”, bila -ika, nami sina ugomvi nao. Ila katika maandishi ya kazi, -zimika na -zimwa zisichanganywe hata mara moja.

Nije kwenye Ansible, na hapa naomba twende taratibu, maana ndipo Kiswahili kinapokubeba.

Zana hizi za kupanga mipangilio hazipokei amri kama unavyompa amri kibarua. Zinapokea maelezo ya hali unayotaka kuikuta. Puppet, iliyotoka mwaka 2005, huandika running. Ansible, iliyotoka mwaka 2012, huandika started. Kiingereza kimechukua maneno mawili kusema jambo moja, na hilo la pili linawahadaa wanafunzi kila siku, kwa kuwa linafanana na habari ya jambo lililopita. Ukitafsiri “imeanzishwa”, umeandika taarifa ya habari. Ukitafsiri “anzisha”, umeandika amri ya tendo. Kinachotakiwa si kimojawapo.

Mama anayetoka kwenda soko la Mwanga anawaambia watoto: “Nikirudi nikute maji yamechemka na vyombo vimeoshwa.” Hajasema nani achemshe. Hajasema waanze na lipi. Kama maji yalishachemka kabla hajafika mlangoni, hakuna atakayeyachemsha mara ya pili, na bado agizo limetimia kikamilifu. Hiyo ndiyo Ansible nzima. Inafika kwenye seva, inatazama. Ikikuta huduma imewaka, inaandika ok na kupita. Ikikuta imezimwa, inaiwasha na kuandika changed. Uendeshe mara moja au mara ishirini, mwisho ni uleule.

Kwa sarufi, tunachohitaji ni kitenzi kisaidizi katika dhamira tegemezi, “iwe”, kikifuatwa na kitenzi kikuu chenye -me-: “iwe imewaka”. Kiambishi -me- kikikaa kwenye kitenzi cha hali kama -waka hakisimulii tu kwamba jambo lilitokea, kinasema matokeo yake yangalipo. Taa iliyowaka jana ikazimika, leo huwezi kusema “imewaka”. Kwa hiyo umbo moja la Kiswahili linashika started ya Ansible na running ya Puppet kwa pamoja. Mistari miwili, state: started na enabled: true, kwenye daftari isomeke hivi: “Huduma iwe imewaka, na iwe inajiwasha mashine ikiwaka.”

Kuna wanaohangaika kutafuta nomino ya sifa hii ya kurudia bila kuzidisha, ile ambayo wahandisi huiita idempotensi. Vijana wako hawaihitaji bado. Waonyeshe sentensi mbili tu. “Ongeza mstari huu kwenye faili” ukiitekeleza mara kumi, una mistari kumi. “Faili liwe na mstari huu” ukiitekeleza mara kumi, una mstari mmoja. Wakishaiona hiyo -we wataelewa kilichomo ndani ya zana yote.

Sasa jihadhari na restarted. Ansible imeivika vazi lilelile la started, lakini ndani ni tendo. Ukiandika state: restarted, huduma itazimwa na kuwashwa kila unapoendesha, hata kama hakuna kilichobadilika, na watumiaji waliokuwa wameunganishwa wanaweza kukatikiwa. Kwa hiyo usiandike “iwe imewashwa upya”. Hiyo si hali ya kuikuta, hakuna anayetazama taa akajua imewashwa mara ngapi. Andika agizo: “iwashwe upya”. Na uichague “upya”, si “tena”. “Tena” huhesabu mara, “upya” husema inaanza kutoka mwanzo, ikiwa imesahau yaliyopita, na ndivyo inavyotokea kwa programu iliyozimwa ikawashwa.

Reload, ambayo umeiita “pakia upya”, nayo irekebishe. Kupakia ni kazi ya bandarini: mzigo unapanda melini au garini. Reload haipandishi mzigo wowote. Huduma inabaki imewaka na inayapitia mipangilio yake kwa mara nyingine. Andika “isome upya mipangilio”. Kijana atajua mara moja kwamba hapa hakuna kinachozimwa, na akiwa na wateja kwenye mfumo saa nne asubuhi atajua lipi la kuchagua.

Kwa kawaida mafundi hawaandiki restarted kavu. Huiweka kwenye kitu kiitwacho handler, kinachosubiri kuarifiwa kwamba faili la mipangilio limebadilika, nacho kikiarifiwa hata mara tano kinatenda mara moja tu, mwishoni. Mimi ningekiita “mwitikio”. Ila cha muhimu zaidi ni kiambishi cha sharti: “faili likibadilika, huduma iwashwe upya”. Wengi wataandika “linapobadilika”. Hiyo -po- inachukulia kwamba litabadilika, swali ni lini tu. Ile -ki- inaacha wazi kwamba huenda lisibadilike kabisa, na siku nyingi halibadiliki.

Madogo yaliyobaki niyapitie haraka. “Huduma” ibaki huduma. Ukiandika “sevisi” watu watafikiria gari limepelekwa gereji kumwaga oili. “Pleibuku” (playbook), faili la maagizo ya Ansible, iacheni ilivyo, kama mnavyoitamka tayari. “Kitabu cha michezo” kitampeleka msomaji uwanja wa Lake Tanganyika. Na ile port ya mtandao isiwe “bandari”, kama nilivyokwisha kuiona kwenye tafsiri fulani. Bandari ni mahali chombo kinapotia nanga, na nyinyi mnaiona kila siku. Namba 22 ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, ni mlango: mtu anakuja, anabisha, anafunguliwa au anakataliwa.

Huo mlango unanileta kwenye daemon. Neno hili lilianza kutumika kwa kompyuta kwenye chuo cha MIT huko Marekani mnamo mwaka 1963, na waliolichagua walisema wazo lilitoka kwa kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia Maxwell, anayekaa kwenye kitundu akipanga molekuli bila kuchoka. Kwa hiyo msingi wake ni mfanyakazi asiyeonekana. Ukisema “pepo”, msomaji wa hapa atafikiria kitu kilichoingia mwilini kisipotakiwa, ambacho lazima kitolewe, na kijana wako atadhani amekutana na kirusi. “Programu ya chinichini” ni bora, ingawa linanipa wasiwasi, kwa sababu kwetu anayefanya mambo chinichini anaficha kitu.

Kiswahili cha zamani kina “mngoja mlango”, yaani bawabu. Daemon nyingi zinafanya kazi hiyohiyo: zimekaa zinangoja, hazisemi neno mpaka ziitwe. Herufi d iliyo mwishoni mwa sshd mwambie kijana aisome “mngoja”. sshd ni mngoja wa mlango namba 22. Amekaa pale usiku kucha, na akisikia hodi anauliza ni nani kabla ya kufungua.