Jeraha kwanza, damu baadaye: kwa anayeanza kutengeneza gemu za uigaji

Ukianza kutengeneza gemu yenye mapigano, utatamani kuanza na damu: irukeje, ichafue ukuta vipi. Iache kwanza. Jiulize aliyekatika mkono atashindwa kazi gani kesho, na nani atamhudumia.

Anza kwa kuichambua Dwarf Fortress, gemu ya kuendesha ngome ya mbilikimo ya ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, iliyotoka mwaka 2006. Kwa miaka mingi ilionekana kwa herufi na alama tu, lakini mwili ndani yake una tabaka za ngozi, mafuta, misuli na mfupa, na kila tabaka lina ugumu wake. Ndiyo maana upanga hukata na rungu huponda. Neva ya mkono ikikatika, mkono unabaki mahali pake ila haushiki tena silaha, na neva hiyo haiponi. Majeruhi hulazwa, huoshwa kidonda, hushonwa; sabuni ikikosekana, kidonda huweza kuoza. Yote haya unayasoma kwa maneno makavu, na bado yanauma kuliko picha nyingi nilizoziona.

RimWorld ya Tynan Sylvester, gemu ya kuendesha kambi ya walowezi iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2018, ndiyo ningemshauri mgeni aishi nayo. Maumivu yakifika asilimia 80, mtu huanguka hata kama hajapata jeraha la kumuua. Kidonda kikiingia maambukizi, kinga ya mwili hushindana na ugonjwa, na matokeo hutegemea ubora wa matibabu na mapumziko kitandani. Hapo mchezaji huhangaika siku kadhaa juu ya risasi moja. Ukimtoa mfungwa figo, wenzako kambini huvunjika moyo. Ukatili una mashahidi, na hilo nalipenda sana.

Kwenye msimbo wa programu, panga mwili kama mti: bega, mkono, kiganja, vidole. Bega likiondoka, vyote vilivyo chini yake viondoke. Kiungo kisiue moja kwa moja. Kipunguze uwezo wa kuona, kutembea, kushika, kupumua au fahamu, na kifo kitokane na kupumua au fahamu kuisha. Usiunganishe hesabu na michoro. Damu ya kwenye skrini iwe kitu ambacho mchezaji anaweza kukizima bila jeraha kubadilika hata kidogo. Hilo litakusaidia pia gemu yako itakapopangiwa umri wa wachezaji, maana bodi kama ESRB ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1994 baada ya kelele juu ya gemu ya mapigano ya Mortal Kombat, hutazama kinachoonyeshwa.

Kila kanuni mpya ijaribu kwenye miili yote, hata midogo. Katika Dwarf Fortress, paka walikufa kwa ulevi: pombe ilimwagika sakafuni baani, wakaikanyaga, wakajilamba miguu, na gemu ikahesabu kila mlambo kama kinywaji kizima. Hakuna aliyeandika kanuni ya kuwaua. Kanuni zilikutana tu.

Jihadhari hasa na maumivu. Yakipunguza kasi na shabaha papo hapo, anayepigwa kwanza hushindwa karibu kila mara, na pambano linakosa maana. Endesha mapigano elfu moja bila michoro, hesabu ni mara ngapi aliyeumia kwanza alishinda, kisha chelewesha athari ya maumivu na uendeshe tena.