Kati ya unene na depresheni sichagui

Swali lenu la wiki hii, kwamba dawa za depresheni au za wasiwasi zikikunenepesha unavumilia au unaziacha, mi naona limeruka njia ya tatu. Na ndo njia ambayo wengi hatuambiwi kama ipo: kurudi kwa daktari na kumwambia kichwa kimetulia ila nguo hazinitoshi, tubadilishe kitu.

Mi nilianzishiwa mirtazapini, moja ya dawa za depresheni, maana nlikuwa silali wala sili. Kiukweli sitaisema vibaya, usingizi ulirudi mapema kabla hata roho haijatulia. Sasa na usingizi ikaja njaa, na sio ile njaa ya tumbo kudai, hii unakula unashiba halafu muda kidogo tu kichwa kinataka kitu kitamu tena, unaamka usiku unaenda jikoni nusu umelala unafungua makopo. Baadaye nikaja kuelezwa kwamba dawa ile inaziba vipokezi vya histamini kwenye ubongo, yaani sehemu ambazo kemikali hiyo inashika ili ifanye kazi, na histamini ndo inayokuweka macho na pia inasaidia kuzuia ulaji, kwa hiyo kinachokulaza ndo hichohicho kinachokupa njaa. Amitriptilini, dawa ya tangu miaka ya 60, nayo ina tabia hiyohiyo. Tena kuna wagonjwa wanaokonda ambao madaktari wanawaandikia mirtazapini kwa sababu ya hiyo njaa, yaani kinachonitesa mimi mwenzangu anakitafuta.

Ndo maana nachoka nikisikia "punguza kula, fanya mazoezi". Sawa, nafanya, kutembea kunanisaidia hata mawazo, lakini anayesema hivyo hajawahi kupewa njaa na kidonge. Afadhali hata huyo kuliko yule wa "bora unene kuliko huzuni", huyo simpendi kabisa, maana akishasema hivyo unaona aibu kulalamika tena, unaonekana huna shukrani, unanyamaza, halafu siku moja suruali inagoma kufunga na unaacha vidonge kimyakimya bila kumwambia mtu. Na kuacha ghafla kuna shida zake jamani: kizunguzungu, ndoto za ajabu, hasira za bure, wengine wanasikia kama shoti ya umeme kichwani. Paroksetini ina sifa mbaya sana kwa hilo kwa sababu inatoka mwilini haraka, fluoksetini kidogo ina unafuu maana inatoka taratibu. Halafu ugonjwa wenyewe unaweza kurudi miezi mbele huko, wakati ushaona umepona.

Watu wanadhani dawa zote ni zilezile, kumbe hapana. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2024, waliangalia watu zaidi ya 183,000 kwenye dawa nane za depresheni, wakakuta ndani ya miezi sita wanaotumia eskitalopramu au paroksetini wana uwezekano wa asilimia 10 mpaka 15 zaidi ya wale wa sertralini kuongezeka uzito wa maana, yaani asilimia 5 ya uzito wao au zaidi, na wa bupropioni wako chini kwa asilimia 15 mpaka 20. (Mirtazapini yangu haikuwemo kwenye hizo nane.) Ukiangalia wastani wa kilo utaona tofauti ni ndogo mno, hata nusu kilo haifiki, lakini wastani unamchanganya asiyeongezeka chochote na yule aliyebadilisha kabati zima. Na msikimbilie bupropioni wote, mwenye kifafa haimfai, na kuna ambao inawazidishia wasiwasi.

Kingine, sio kila kilo ni ya dawa. Kama ugonjwa ulikukondesha basi sehemu ya hizo kilo ni mwili wako unarudi ulipokuwa, na tezi ya shingo (thairoidi) ikifanya kazi kivivu nayo inanenepesha na inaleta huzuni pia, kwa hiyo omba vipimo. Ila mi ninachodai hasa ni kwamba mtu apimwe uzito siku anayoandikiwa dawa na aambiwe mapema hii inaweza kukupa njaa, maana mi kila nikirudi naulizwa unalala, una mawazo ya kujiumiza, basi, mizani iko pembeni hapo haina kazi.

Nilipolisema mwenyewe ndo nikahamishiwa sertralini, moja inashushwa pole pole huku nyingine inapandishwa. Zile wiki hazikuwa tamu, tumbo lilichafuka na usingizi ukayumba. Lakini njaa ya usiku imekata, uzito umesimama, kilo kadhaa zimeondoka na nyingine zimegoma. Zikianza kupanda tena narudi palepale kusema, bado kuna dawa sijajaribu na daktari ashajua sinyamazi.