Kifungo kile kile cha shati

Kila alipopatwa na kile nilichokuja kujua baadaye ni kifafa, mkono wa kulia wa mwanangu ulikwenda kwenye kifungo kile kile cha shati. Anakivutavuta huku akitafuna, na mdomoni hamna kitu. Kabla ya hapo hunikimbilia kwa hofu: "Mama, nasikia harufu ya mpira unaoungua!" Hakuna kinachoungua. Ukimwita haitiki. Baada ya dakika moja hivi hulala, na akiamka hakumbuki lolote.

Alikuwa na miaka 7, nasi tunakaa Arua, Uganda. Mwalimu alisema ni jeuri. Mama mkwe alisema ni majini, tukamsomea. Kisha daktari wa kliniki moja, aliposikia habari ya ile harufu, akaandika ugonjwa wa akili. Miezi minne mtoto alimeza dawa, akashinda amesinzia, na mambo yakazidi. Kumbe baadhi ya dawa za akili zinaweza kuchochea kifafa kwa mwenye nacho. Siku nilipoelezwa hivyo nililia palepale kwenye benchi.

Aliyetufungua macho ni muuguzi wa magonjwa ya akili kwenye kituo kingine. Hapa Uganda wagonjwa wengi wa kifafa hutibiwa kliniki hizohizo za akili, kwa hiyo usikimbie kwa sababu ya maandishi ya mlangoni. Aliuliza maswali mawili tu: huchukua muda gani, na je, hufanana kila mara? Nikamwonyesha video niliyorekodi kwa simu ya jirani. Akaiangalia mara tatu, akasema, "Mama, hiki ni kifafa."

Mimi nilijua kifafa ni kuanguka na kutoka povu. Sikujua kuna cha kuduwaa, mtoto anaganda sekunde chache, hata mara nyingi kwa siku, shuleni wakidhani hasikilizi. Kuna kinachokuja usingizini, anapiga kelele na kurusha miguu. Na harufu isiyokuwepo inaweza kuwa ndio mwanzo wa kifafa chenyewe.

Kipimo cha umeme wa ubongo kilitoka safi. Nilivunjika moyo, lakini muuguzi alisema kipimo safi hakifuti kifafa. Maelezo ya aliyeona ndiyo yenye uzito. Basi rekodi, na uonyeshe uso na mikono. Kwenye kile kidaftari cha matibabu andika saa, alichokuwa akifanya, alianzaje, ilichukua muda gani. Akipatwa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Zikipita dakika 5, mkimbize hospitali. Dawa usizikatishe ghafla kwa uamuzi wako, hata ukiamini ni zile zisizo zake. Tena mtoto mwenye kifafa anaweza pia kuwa na huzuni au wasiwasi wa kweli, hilo nalo litibiwe.

Sasa anameza kabamazepini, dawa ya kifafa, asubuhi na jioni. Juzi nilimkuta amesimama mlangoni, mkono kifuani, moyo ukanipasuka. Alikuwa anafunga shati aende shule.