Baja California na watoto wiki ya Baja 1000: jibu langu

Mkuu, umeuliza kama ni akili kutoka San Diego na mke na watoto kuteremka Baja California, ile rasi ndefu ya Meksiko, hadi mji wa La Paz kusini mwake, wiki ileile ya Baja 1000, mbio za magari na pikipiki za jangwani. Nimeshapita njia hiyo Novemba na familia, mama mkwe akiwa kiti cha mbele. Nenda tu. Ila hofu yako umeielekeza siko.

Watu watakutisha na majambazi. Kitakachokutoa jasho ni Barabara Kuu Namba 1, iliyokamilika mwaka 1973, kilomita 1,700 hivi kutoka Tijuana hadi Cabo San Lucas. Sehemu kubwa ni nyembamba, lami inakatika ghafla, pembeni hakuna pa kuegesha, na malori mnapishana vioo karibu vigusane. Wiki ya mbio kuna pia magari ya mafundi, yanayokimbiza vipuri na mafuta kuwahi timu zao huko mbele. Hao ndio wa kuogopa kuliko washindani wenyewe, maana wengi hawajalala. Ukimwona mmoja kwenye kioo, mpishe, usishindane naye.

Lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto, huenda dereva anakuambia upite, huenda anakata kushoto. Usipite mpaka uone mwenyewe. Usiku ndiyo kabisa usiendeshe: ng'ombe wanasimama katikati ya lami na wala hawana habari na wewe.

Mafuta jaza mji mdogo wa El Rosario hata kama geji inasoma robo tatu. Kutoka hapo ni kilomita 300 na ushee bila sheli ya kutegemea. Katikati, kijiji cha Cataviña, wapo wanaouza kwa madumu kando ya barabara, bei wanaijua wao. Lakini simameni hapo: majabali yametapakaa jangwa zima, dungusi za cardón zinapita urefu wa nyumba, na kuna mti unaitwa cirio ambao mama mkwe aliubatiza mkia wa panya. Watoto walicheka mpaka tunafika mji wa Guerrero Negro.

Sasa mbio zenyewe. Njia hubadilika kila mwaka: mara kutoka mji wa Ensenada, kaskazini mwa rasi, hadi La Paz, mara inazunguka na kurudi Ensenada, kwa hiyo tazama ramani ya mwaka huo kwanza. Mama mkwe ni mtu wa Voi, akaona kama Safari Rally ya enzi zake, wakati barabara za mbio hazikufungwa kwa raia. Na kweli, Baja ni vilevile, unaweza kukutana na ng'ombe au pikapu ya mwenyeji. Pikipiki hutangulia alfajiri, malori ya mbio yenye nguvu za farasi zaidi ya 800 hufuata baadaye. Ukisikia helikopta, shika watoto mkono, gari linakuja. Kaeni mahali palipoinuka, ndani ya kona, kamwe si nje yake. Na ukikuta umati umejazana mahali panapoonekana pa kawaida tu, jiulize wanasubiri nini: kuna watazamaji wanaochimba mashimo au kujenga matuta ili magari yaruke, na dereva hana taarifa.

Kwa watoto wadogo, mimi naona siku ya ukaguzi wa magari mjini Ensenada kabla ya mbio inatosha kabisa. Magari yanapita barabarani polepole, timu zinagawa stika, hakuna vumbi. Wangu walizithamini stika kuliko mbio.

Makaratasi: bima yako ya Marekani haikufai kule, nunua ya Meksiko kabla ya kuvuka. Kibali cha kuingiza gari hakihitajiki ndani ya Baja. Mwenye pasipoti ya Tanzania na kadi ya kijani (ya ukaazi wa Marekani) haombi viza ya Meksiko, ila egesha mpakani ukachukue fomu ya uhamiaji, usingoje kuitwa. Njiani wanajeshi watapekua gari, salimia na ufungue buti. Gari likizima, piga 078 uwapate Ángeles Verdes, mafundi wa serikali wanaosaidia wasafiri.

Mkifika mji wa San Ignacio pumzikeni chini ya mitende iliyoletwa na wamisionari Wajesuiti. Tende zake mama mkwe alisema si za Oman, akala mfuko mzima.

Vyumba tafuta sasa hivi, timu huwa zinawahi mapema. Ukikosa Guerrero Negro, usijilazimishe kuendesha usiku ufike mbele. Laleni Ensenada, tazameni ukaguzi, La Paz muiache mpaka Januari.